Swali la Tatu

Fafanua utamaduni. Alama kumi.
Nimeandika tarehe. Nimepiga mstari chini yake, mara mbili.
Feni ya hosteli inaikata joto ya Tudor vipande vipande
na haivipeleki popote.

Kwa bibi, Kuze, sindano haiazimwi usiku.
Kwa nyanya, Mgange, usiku ndio wa kushona,
mchana una shamba.
Ndiyo maana wiki nzima ya mtihani wa darasa la nane
shati langu lilikuwa na pengo la kifungo:
nilikuwa nasubiri wakubwa wakubaliane.

Baba hula kwa mkono.
Mama humwekea kijiko kando ya sahani, kila siku,
na kila siku kijiko hurudi jikoni kikavu.
Miaka ishirini na miwili.
Sijawasikia wakigombana juu ya kijiko.
Wamegombana juu ya mengine yote.

(Hilo niliandika, nikalifuta.
Mwalimu Shebwana hataki mambo ya nyumbani.)

Chumbani kwetu, Mwatime anapika wali wa nazi
kwenye jiko la umeme lililokatazwa.
Wali sharti upaliwe, anasema,
na makaa hakuna ghorofa ya tatu,
basi anawasha pasi, anailaza juu ya mfuniko,
ile ile tuliyonyooshea sare za maabara.
Nilicheka mpaka nikakaa chini.
Wali ulikauka vizuri.

Halafu Jumanne. Simu ya Kadzo, saa tano usiku.
Babu yake, Kaloleni.
Mimi nikafanya ninavyojua:
nikashusha sauti, nikatandika mkeka,
nikatafuta leso ya kujifunika kichwa,
nikakaa karibu naye, nikanyamaza.
Yeye akavua viatu.
Akasimama katikati ya vitanda, akaanza kukanyaga,
polepole kwanza, mabega yakifuata,
machozi yanamtiririka na miguu haisimami.
"Babu hazikwi kimya," akasema. "Nipigie makofi."

Nikapiga. Nilikosea mpigo.
Kidogo akaupunguza mwendo wake,
akaufuata mpigo wangu ulivyo, mbovu,
mpaka ukawa mpigo.
Mwatime akachomoa pasi, akaingia.
Wa chini wakagonga dari kwa ufagio.
Hatukuacha.

Sasa saa kumi na moja alfajiri, kitanda chake kimetandikwa,
na karatasi yangu ina mistari sita:
pasi juu ya mfuniko,
kijiko, makofi.
Najua wino mwekundu utasema nini.
Toa ufafanuzi, si masimulizi.
Alama tatu, labda nne kwa mwandiko.

Lakini lipo moja sikuliandika.
Saa tisa, akifunga safari, kamba ya mkoba wake ilikatika.
Akaniuliza kama nina sindano.
Nikatazama dirishani. Giza tupu hadi ng'ambo ya maji.
Nikamtungia na uzi.