Hatua Juu ya Dari

Miaka thelathini na mmoja nilipiga magurudumu ya treni kwa nyundo,
stesheni ya Daugavpils, usiku, theluji magotini.
Gurudumu zima huimba.
Lenye ufa hukohoa.
Sikio hili la kushoto limesomesha watoto watatu.

Sasa nimestaafu, nasikiliza dari.

Juu yangu anaishi Skaidrite, mhasibu,
mjane asiye hata na paka.
Zamani nilimjua kwa nyayo:
kumi na mbili hadi jikoni, saba hadi dirishani,
kisha viatu, mlango, ngazi, kimya cha mchana,
na jioni hatua nzito za mtu aliyebeba viazi.

Majani yalipopukutika, ofisi yake ikafungwa.
Wakamletea kompyuta nyumbani, na pongezi juu yake:
hutahangaika tena na basi wala barafu.
Nikaanza kuhesabu, maana sina kazi nyingine.
Novemba, hatua mia tatu kwa siku.
Desemba, themanini.
Januari alihamishia birika mezani, kando ya karatasi,
na dari ikawa dari tu.

Kimya kingi kina mshindo, najua.
Lakini nilijiambia: ana kazi nyingi, mama wa watu.

Alhamisi nikasikia: tu, khaa. Tu, khaa.
Mguu mmoja unatua, mwingine unaburutwa.
Nikavaa suruali, nikapanda.

Alifungua akiwa ameushikilia mlango.
"Ni mshipa tu, Donats. Nimelala vibaya."
Soksi ya kushoto ilikuwa imechora pete kwenye nyama,
kigimbi kimevimba, chekundu, kinang'aa,
na nilipoweka kiganja, moto,
moto wa ekseli iliyokaukiwa grisi.
Alikuwa amekipaka mafuta ya bata bukini, anakikanda.
"Acha," nikasema, sijui kwa nini.
Akataka kunijibu, sentensi ikamkatikia njiani
kama mtu aliyetoka mbio,
naye hajatoka popote.

Daktari, binti mdogo mwenye uchovu mkubwa,
alinieleza ukumbini. Mimi si ndugu,
ila nani mwingine alikuwapo?
Damu ya mguuni haipandi yenyewe, alisema,
husukumwa na msuli, na msuli husukuma mtu anapotembea.
Ukikaa mno inazubaa. Ikizubaa, yaweza kuganda.
Bonge lilikuwa kigimbini. Kipande chake
kimeshafika pafuni.

Nikawaza: mwenyewe alikaa,
bonge ndilo lililosafiri.
Tunasema damu nzito kuliko maji, tunajisifu.

Alirudi baada ya siku tisa, na vidonge,
na amri ya kusimama kila saa.
"Nitasahau," akasema. "Nikizama kwenye hesabu,
nasahau hata njaa."

Basi nikaitoa nyundo kabatini.
Bomba la joto linapita kwangu, linaingia kwake,
chuma kilekile toka chini hadi paani.
Kila saa kamili: ko, ko, ko.
Na juu, kiti kinakwaruza sakafu,
kisha kumi na mbili, saba, kumi na mbili.
Bwana Vitolds wa chini alikuja kulalamika, uso mwekundu.
Nikamsimulia yote. Akaondoka bila neno.
Siku hizi, nikichelewa, yeye hupiga.

Jana nilikaa dirishani tangu alfajiri,
saa kiganjani, nyundo mapajani,
nikimsikiliza anavyotembea, nimeridhika kama mlinzi.
Saa nane mchana bomba likaita kabla sijaligusa.
Ko, ko, ko.
Kutoka juu.

Nikaitazama miguu yangu ndani ya ndara,
imekufa ganzi, rangi ya zabibu,
miguu iliyotembea asubuhi nzima
kwa hatua za mtu mwingine.

Nikashika ukingo wa meza.
Goti likakohoa.
Moja.