Cheti cha Somoe

Lali kazaliwa Langoni, Lamu,
na kazi yake ni hiyo hiyo: langoni.
Mabao kumi na saba msimu mmoja
kwenye mchanga wa Twaif,
punda wakikatiza kona, refa asipulize.

Mimi ni katibu wa timu.
Jezi nazifua mimi, barua nazisoma mimi.

Barua ya kwanza ilitoka Nairobi:
kambi ya vijana, aje na pasipoti.
Pasipoti inataka kipande.
Kipande kinataka kuhojiwa, Mokowe,
mbele ya dirisha lenye wavu.
Babako? Kazaliwa Faza.
Mamako? Shela, hapo tu.
Bibi mzaa baba?
Lali, asiyejua kupiga chenga kwa ulimi,
akasema: Chovai, kisiwani, ng'ambo ya mpaka.
Kalamu ya karani ikasimama wima
kama kibendera cha kuotea.

"Lete cheti chake cha kuzaliwa."

Somoe Shekuwe alicheka hata tambuu ikampalia.
"Kitovu changu kilifukiwa mchangani,
hakikukatiwa risiti.
Huo mpaka tukiuvuka kwenda harusini,
tukirudi na sinia la watu."

Nikapeleka kiapo, muhuri, wazee watatu.
Njoo kesho. Njoo baada ya Idi.
Timu ikasafiri. Namba tisa akavaa mwengine,
tukamtazama kwenye simu ya muuza juisi,
akapaisha penalti.
Hakuna aliyesema neno.

Barua ya pili ilitoka Mogadishu.
Hawakutaka mengi: kwa kanuni, walisema,
yatosha bibi mmoja
aliyezaliwa kwenye ardhi yao.
Bibi mmoja!
Yule yule, mwenye tambuu ile ile.
Huku ni komeo, kule ni ufunguo.
Na chini, kwa herufi za kupekesa macho:
ukishachezea nchi hii mechi za mashindano,
kuhama si kubadilisha jezi.

Jana alasiri Lali kafunga tena.
Akanijia na jasho lake, akauliza:
"Katibu, nikifunga kule,
hawa wa Langoni watashangilia?"
Nimepekua faili lote. Halina jibu hilo.

Fomu iko mezani. Jina, tarehe, mahali, vyote nimejaza.
Palipoandikwa uraia nikapaacha.
Usiku Somoe kaja kuuliza habari,
hajui kusoma, akapapasa karatasi,
"Na hapa peupe, pa nani?"
Kidole chake kikaacha doa,
jekundu, la tambuu,
katikati ya kisanduku.

Sijalifuta.