Kisanduku cha Baba

Ruwi, ghorofa ya pili, duka la kompyuta:
programu ya nasaba, riali thelathini na tano.
Mshahara wangu wa ukarani nimeshaugawa
kwa kodi, kwa kiyoyozi, kwa ada ya Thuraya.
Nikaomba ya majaribio, wiki moja.

Nikamwingiza babu: Nasor bin Saleh, mzawa wa Ibra.
Mababu saba wakapanda juu ya kioo kama ngazi.
Nikamwingiza bibi: Zafarani, wa Wete.
Baba yake nani? ikauliza programu.
Nikaacha wazi.
Kisanduku kikageuka chekundu. Haihifadhiki.
Nikaandika "hajulikani". Chekundu.
Shangazi Rayya, bila kuinuka kwenye kochi:
"Mwandikie bint Abdalla.
Nani si mja wa Mungu?"

Nikaifuta programu, si bibi.

Sasa natumia jedwali la bure.
Halina mti wala matawi,
halimuulizi mtu kwao.
Safu ya tatu imebaki nyeupe.
Ya mwisho, ya maelezo, nimeipanua
mpaka ikavuka ukingo:
alisuka ukili kwa mkono wa kushoto,
hakuitika akiitwa kwa mluzi,
wali wake haukushika chini.

Nikabonyeza hifadhi.
Ikakubali.