Mchemraba wa Siku ya Ishirini na Nane

Kwenye mchoro wa Kwagala mnara hauna vumbi.
Ghorofa thelathini na moja, wingu limelala kiooni,
na pale chini, mti usio na jina
na mtu asiye na uso
anayetembea bila kivuli.

Sisi tulianzia shimoni.
Tulikichimba kilima cha Nakasero hadi tumboni,
udongo mwekundu ukipanda malori usiku,
mpaka chemchemi ikatufumania
na pampu ikakohoa wiki tatu.

Mle ndani kila mtu alishuka na lugha yake,
Mlugbara, Mkonzo, Mwaluri, Mganda wa Kyebando,
tukakutana katika Kiswahili cha zege:
leta, shika, shusha, polepole wewe!
Bibi yangu wa Bombo angecheka hadi ushungi umdondoke.
Ngeli zetu hazikupatana.
Nondo zilipatana.

Kazi yangu mimi, Zamzam Marjan, ilikuwa ndogo.
Kila zege lilipomwagwa, nilikinga kidogo
katika visanduku vya chuma, inchi sita kila upande,
nikashindilia, nikachora tarehe kwa msumari,
nikavilaza pipani, majini, kama mayai.
Vijana waliviita Wasswa na Kato.
Wasswa huvunjwa siku ya saba.
Kato husubiri ishirini na nane.
Kila nguzo mnayoiona imesimama
ina ndugu yake aliyepondwa
ili tujue.

Ghorofa ya kumi na moja, nguzo ya kona,
ile inayotazama Kololo.
Mashine ilianza kubana. Tulitaka arobaini.
Kato alilia mlio wa muhogo mkavu
kwenye ishirini na sita.
Nikafuta miwani. Nikamleta wa akiba.
Ishirini na saba.

Juu yake, wakati huo, palikuwa na ghorofa tatu
na mafundi wakila chapati.

"Andika thelathini na nane," alisema Tumwebaze, msimamizi.
"Nani atakwenda kumuuliza Kato?"

Drani alinijia mwenyewe, kofia mkononi.
Zamu ya usiku, mvua, mikono imekufa ganzi,
zege zito kama ugali wa kambini.
"Niliongeza maji. Ndoo mbili. Ili liteleze."

Kalamu ilikwama kwenye sita. Nikairudia.

Kwagala alipanda kwa miguu, lifti ilikuwa bado ni shimo tu.
Akaweka kiganja kwenye nguzo
kama unavyompima mtoto homa.
Wakaitoboa, wakatoa kiini, nacho kikasema yaleyale.
"Ivunjeni," akasema, akaketi juu ya mfuko wa saruji
na suruali yake nyeupe.

Siku arobaini za jeki na nyundo.
Tumwebaze hakuniamkia mpaka Idi.
Drani alifukuzwa siku ileile, bila mshahara wa wiki.
Hilo halikuwa na safu katika daftari langu,
kwa hiyo naliandika hapa.

Novemba taa ziliwashwa zote mara moja
na senene wakaja kwa maelfu,
wakijigonga kwenye vioo vya juu,
walinzi wakiwakusanya kwa kofia.
Kalooli wawili wamehamia paani,
wanasimama kama mawakili waliokosa kesi.
Lifti inapita ya kumi na moja bila kusita.
Mtu mmoja ndani yake ananyoosha tai.

Mabaki ya kina Kato niliyabeba kwa magunia hadi Bombo.
Yametandikwa toka mlango wa nyuma hadi chooni,
kwa ajili ya msimu wa matope.
Mama huyapita alfajiri na birika la udhu,
mguu hapa, mguu pale.
Kipande kimoja bado kina tarehe.
Hicho hukiruka.
Anasema ni kama kukanyaga jina la mtu.