Kumbukumbu za Kikao Ambacho Hatukukiitisha

Tulipanga uamsho uanze Ijumaa.
Kamati ilikaa, mhazini akasoma bajeti:
vipaza sauti viwili vya kukodi kutoka Aizawl,
nguruwe watatu, mchele, chumvi.
Mhubiri akaupanda mlima kwa pikipiki, koo limemkauka.

Siku tatu tukapiga ngoma
mpaka ngozi ikalegea.
Mungu hakuja,
au alikuja, akaketi nyuma, akanyamaza.

Bibi Rokungi peke yake hakushangaa.
"Mwaka ule mianzi ilipochanua," akasema,
"nani aliipelekea barua?
Milima yote ya Mizoram, msimu mmoja, maua.
Nilikuwa msichana. Niliingoja tena
hadi meno yakaniisha."

Hakutaja panya waliofuata, wala njaa.
Sote tunaijua.

Vipaza sauti vikarudishwa. Mvua zikaanza.
Jumanne moja tulikuwa sita kanisani
tukiziba bati linalovuja,
Zothanpari ameshika ndoo,
Biaka juu ya ngazi, misumari mdomoni.
Biaka huyu aliyemdhulumu nduguye shamba la tangawizi,
miaka kumi na mmoja sasa,
akaitema misumari, mmoja mmoja,
akashuka,
akamtaja nduguye kwa jina, akalia.

Hakuna aliyemwomba.
Ndoo ikafurika, hakuna aliyeiangalia.
Kufika alfajiri mlango haukufungika kwa watu,
na mimi, katibu, daftari mkononi,
sikujua niandike ni saa ngapi
Bwana alifungua kikao.