Kiapo cha Jina

Mimi, Somoe, mkulima wa korosho, mkazi wa Naipanga,
naapa mbele ya wakili mwenye feni mbovu
kwamba Ntwiso wa daftari la chama cha msingi,
Entuwiso wa kitambulisho
na Entwistle wa kadi ya babu iliyoliwa na mende
ni damu moja.

Wakili anataka mistari sita.
Fedha za kilo mia nne na kumi zimelala benki
zikisubiri herufi.
Basi nitasema yote, akate mwenyewe.

Babu alizaliwa Nambole.
Mwaka walipokuja kulima karanga Nachingwea
kwa mashine zilizotoka vitani,
na visiki vikazing'oa meno,
babu alishika mnyororo wa kupimia ardhi
nyuma ya mzungu mrefu, masikio mekundu,
aliyeogopa siafu kuliko simba.

Siku ya mshahara karani akauliza
bila kuinua uso: "We wa nani?"
Babu akadhani anaulizwa genge.
"Wa Bwana Entwistle," akajibu,
ila kwa ulimi wake ilitoka Ntwiso.
Karani alilijua jina la bosi, akaliandika lote,
akagonga muhuri.
Ndivyo tulivyozaliwa:
kwa swali lililosikiwa vibaya,
wino wa zambarau
na posho ya unga.

Karanga zilikataa.
Mzungu akarudi kwao.
Hata reli ikaja kung'olewa;
chuma chake kimoja kinashikilia mlango wa jiko letu.
Jina hakuna aliyekuja kuling'oa.

Bibi Abiba alilicheka mpaka anazikwa.
Kwetu ukoo hupita kwa mama.
"Hilo la karatasi," alisema,
"na karatasi haina titi."
Kadi akaitia kwenye mkebe, pamoja na mbegu za mbaazi.

Shuleni mwalimu alijitahidi: "Somoe Tuishe!"
Darasa zima: "Tuishe wapi?"

Nilipolazwa Ndanda kwa mguu,
mtawa mmoja mzee, mtunza vitabu,
alisoma jina kwenye cheti changu akasimama.
Kesho yake akaja na kitabu kinene, kinanuka dawa ya mchwa.
Ni jina adimu hata kwao, akasema.
Linatoka kaskazini, bonde la baridi na kondoo.
*Twisla*, kwa Kiingereza cha kale kilichokwisha kufa,
ni panda ya mto, pale maji mawili yanapokutana.
Na kile kipande cha mbele ni ndege wa majini;
wataalamu bado wanagombana:
bata, au kuku-ziwa?

Kwa hiyo, kabla ya kuwa mtu, lilikuwa tope.

Usiku ule sikulala, na si kwa mguu.
Nilimwaza mtu wa bonde lile,
amefika gulioni na sufu begani,
karani wa huko, bila kuinua uso:
"We wa wapi?"
"Wa kule, kwenye panda, kwenye ndege."
Huku kwetu angekuwa wa Nanganga, au wa Nanjilinji,
tungempa maji, tungesahau.
Huko wakaandika.

Shamba letu la mpunga, wakili,
(hili liandike au liache)
liko vijito viwili vinapokutana.
Kila masika vinakuja vindege vyeusi,
vinakula mbegu, tunavifukuza kwa debe.
Sijui ni bata au kuku.
Sijawahi kuviuliza.

"Mama, inatosha. Sahihi."
Kwa jina lipi?
Alinitazama, feni ikakwama, ikaendelea.
Akanisogezea kidau cha wino.

Nikakandamiza dole gumba.
Nilipoliinua niliona, pale katikati,
mistari imekuja kwa pamoja, ikagawanyika.

"Elfu kumi," akasema wakili.
"Ya muhuri mbali."