Kusoma Mita

Kazi yangu ni kusoma mita za maji, Oli hadi Mvara.
Nafunua kifuniko, namfukuza mjusi, naandika.
Najua bomba linalovuja kabla mwenye nyumba hajajua.
Najua pia mita iliyosimama:
maji yapo, ila hayapiti.

Siku ile kwenye skrini ya Sista Ayikoru
niliona duara jeusi, na chini yake mkia mfupi.
"Tundu la ufunguo," akasema, akanyamaza,
akapaka jeli upya kana kwamba jeli ndiyo iliyokosea.
Kibofu kimejaa. Figo zimevimba kama maharage yaliyolala majini.
Na pale panapopaswa kuwa na maji, kukavu.

Sikujua. Nani angenifundisha
kwamba maji anayoogelea mtoto ni mkojo wake mwenyewe,
anaukojoa, anaunywa, anaukojoa tena,
na mapafu hukua kwa kuyavuta hayo hayo?
Huyu wetu kazibwa na utando njiani,
mwembamba kuliko ganda la kitunguu.

Mama mkwe alisema Candiru aliruka kamba ya mbuzi.
Candiru akacheka, mara moja tu, kisha akamuuliza Sista:
"Ni mvulana, siyo?"
Ni mvulana. Ugonjwa huu huchagua.

Kampala, daktari aliingiza sindano ndefu,
akavuta mkojo wa mtu asiyezaliwa,
manjano hafifu, vijiko vitatu vya chai,
akaupeleka kupimwa chumvi.
Ikiwa nyingi, figo zimekata tamaa.
Ikiwa kidogo, bado zinachuja.
Tukasubiri siku mbili. Kibofu kikajaa tena
nami nikafurahi, jamani, nikafurahia kujaa kwake:
kumbe kuna mtu ndani yuko kazini.

"Kidogo," daktari akasema. "Lakini si kidogo sana."
Hakutuahidi kitu. Nampenda kwa hilo.
Akatuonyesha mrija uliojikunja ncha zote mbili
kama mkia wa kinyonga:
ncha moja ibaki kibofuni, nyingine itoke nje ya mtoto,
imwage maji humo humo tumboni mwa mama.
Unaweza kuteleza. Unaweza kuziba.
Mtoto mwenyewe anaweza kuuchomoa.
Candiru akatia sahihi.
Mimi kalamu ilinishinda,
mimi niandikaye tarakimu mia mbili kwa siku.

Tuliporudi, pale Karuma, abiria wote walitazama mto.
Yeye alitazama mapaja yake, mkono juu ya tumbo,
kama mtu aliyebeba sufuria iliyojaa.

Sasa ana wiki saba. Utando wameshaukata.
Figo ya kulia inafanya kazi;
ya kushoto, wanasema, tuiache ilale.
Nimechukua daftari kuukuu la ofisini,
safu ya namba ya mita nimeiacha wazi.
Saa nane usiku: nepi imelowa.
Saa kumi: imelowa.
Saa kumi na moja na nusu: bado.

Nimekaa ukingoni mwa kitanda, tochi mdomoni,
nasubiri.